Kuchagua mota ya geti kwa nyumba ya Tabora

Ukimwambia mtu wa Tabora kwamba unatafuta mota ya mlango wa gereji, huenda akakuelekeza kwa fundi magari. Katika nyumba zetu nyingi gari halina chumba chake. Hulala uani, chini ya mwembe au chini ya kibanda cha mabati, na mlango unaolilinda ni geti la barabarani. Mwongozo huu basi unahusu mota ya geti. Natanguliza jambo hilo kwa sababu maelezo mengi ya kuchagua mitambo ya aina hii yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, kama vile Canada na Norway, ambako mwenye nyumba anahangaika na grisi inayokuwa nzito, mpira wa mlango unaogandamana na sakafu kwa barafu, na betri inayozimia usiku wa theluji. Mtambo unaosifiwa huko kwa kufanya kazi katika nyuzi 20 chini ya sifuri hauna cha kutupa sisi kwa sifa hiyo. Mitihani yetu ni jua la Septemba na Oktoba, vumbi la kiangazi, radi zinazokuja na mvua za Novemba, umeme unaokatika, na ule ambao haukatiki lakini unafifia kila jioni.

Mota yangu ya kwanza niliichagua kwa kosa ambalo nimeliona kwa majirani wengi wa Ipuli na Kiloleni. Nilikwenda Dar es Salaam, nikaingia duka moja, nikamweleza muuzaji kwamba geti langu ni zito, naye akanipa mota inayotumia umeme wa nyumba wa volti 230 bila betri, yenye uwezo wa kusukuma geti la kilo 1,000, akisema kwamba kubwa haiharibiki. Ilisafiri kwa basi hadi Tabora, ikafungwa, na kwa miezi minne ilifanya kazi asubuhi na kukataa jioni. Mvua zilipoanza, radi moja iliyopiga mbali kiasi iliunguza bodi yake. Geti lenyewe, nilipolikokotoa baadaye, halikufika hata kilo 250. Nilikuwa nimenunua nguvu ambayo sikuihitaji, na sikununua vitu viwili nilivyovihitaji, yaani betri na kinga ya radi.

Geti kabla ya mota

Kabla ya kuulizia bei ya mota yoyote, lichunguze geti. Mota haitengenezi geti bovu. Inalisukuma kwa nguvu mpaka kitu kimoja kivunjike, na kwa kawaida kinachovunjika ni gia ya mota. Sogeza geti kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, ukisikiliza. Liachie katikati ya njia: likianza kujiendea lenyewe upande mmoja, reli haiko sawa na inahitaji kupimwa upya kwa pima maji. Likikwama mahali palepale kila mara, kagua kiungio cha reli au gurudumu ambalo beringi yake imekufa.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha mizani ya kuning'iniza, ile ambayo wakulima wa mkoa huu wanaijua kwa kupimia mazao. Funga ndoano yake kwenye ukingo wa geti, vuta kwa usawa hadi geti lianze kwenda, kisha soma kilo. Geti la reli, yaani linalosukumwa pembeni kwa magurudumu, lenye uzito wa kilo 200 hivi, lenye magurudumu mazima na reli safi, linapaswa kuondoka kwa mvuto wa kilo 10 au pungufu. Likidai kilo 20 au zaidi, fedha ya mota iweke pembeni kwanza, umwite fundi wa kuchomelea abadilishe magurudumu. Mara nyingi kazi hiyo ya siku moja inalishusha geti kutoka kwenye hitaji la mota kubwa hadi kwenye mota ya kawaida.

Uzito nao haukisiwi kwa macho. Shiti ya chuma ya unene wa milimita 1.5, ambayo mafundi wanaiita geji 16, ina uzito wa karibu kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba. Ile ya milimita 1.2, yaani geji 18, ina kilo 9 na nusu hivi. Skwea paipu ya milimita 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 2 ina kilo 3 kwa kila mita. Kwa geti la upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.2, shiti ya geji 16 upande mmoja inatoa kilo 104, na fremu pamoja na vikingamo vyake, ambavyo kwa jumla hufika mita 23, inaongeza kilo 69. Ongeza maua ya nondo, kitasa na rangi, utafika kilo 200 au kupita kidogo. Mota iliyoandikwa kilo 500 inatosha geti hilo na kubakiza akiba ya kutosha. Ya kilo 1,000 waachie wenye maghala, au wale waliopiga shiti pande zote mbili kwenye geti la mita 6.

Kuhusu aina ya geti, nitasema waziwazi kwamba napendelea la reli kuliko la mbawa mbili linalofunguka kwa bawaba, hata kama la mbawa linapendeza zaidi machoni. Geti la mbawa linahitaji mota mbili, nguzo imara zisizoyumba, na bawaba zisizo na mchezo. Zaidi ya hayo, mbawa iliyopigwa shiti nzima hugeuka tanga pale upepo unaotangulia mvua unapovuma, na mkono wa mota ndio unaobeba mzigo wote huo. Kama tayari unalo la mbawa na hutaki kulibadili, muombe fundi akate sehemu ya juu ya shiti na kuweka nondo ili upepo upite, na uhakikishe kwamba nguzo zina zege ndani, si matofali matupu. Mlango wa kukunja wa kupanda juu, kwa wachache waliojenga chumba cha gari, una mota yake ya aina nyingine kabisa ambayo kwa kawaida huuzwa pamoja na mlango, na uchaguzi wake ni mfupi: chukua inayoweza kuinuliwa kwa mnyororo umeme ukikatika.

Umeme wa jioni

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Mota za geti ziko za namna mbili: zinazokula volti 230 moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za TANESCO, na zinazotumia volti 24 kutoka kwenye betri ambazo huchajiwa kwa umeme wa nyumba. Tofauti ya bei ipo, na wauzaji wengi wataisukuma ile ya kwanza kwa kuwa ni rahisi na haina betri ya kubadilisha. Ushauri wangu kwa nyumba ya Tabora ni ile ya pili, na sababu yake kubwa si kukatika kwa umeme pekee.

Chukua kipima volti, nenda nacho getini saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha taa, pasi na majiko, upime. Katika maeneo yaliyo mbali na transfoma unaweza kukuta 190, au hata 180, badala ya 230. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya volti 230 haishuki kwa kiwango kilekile cha volti. Hushuka kwa mraba wake. Volti zikishuka hadi 180, mota inabakiwa na asilimia 61 tu ya nguvu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mota yangu ya kwanza: asubuhi ni simba, jioni inanguruma bila kusogea, nayo inazidi kupata moto hadi kinga yake ya ndani inaizima. Mota ya volti 24 haijui habari ya jioni. Inachota kwenye betri, na betri inajazwa taratibu usiku kucha.

Betri zenyewe kwa kawaida ni mbili za volti 12 zenye ampea-saa 7, zilizounganishwa kwa mfuatano. Jumla yake ni wati-saa 168. Kufungua na kufunga mara moja geti la ukubwa tulioutaja kunakula chini ya wati-saa 2, lakini bodi na kipokezi cha rimoti, vinavyokesha vikisubiri, vinaweza kula wati 3 muda wote, usiku na mchana, yaani wati-saa 72 kwa siku. Maana yake ni kwamba betri nzima, umeme ukikatika, zitakuvusha siku moja bila shida hata ukifungua geti mara 20, ila siku ya pili usizitegemee. Muulize muuzaji mota inakula kiasi gani ikiwa imetulia. Wengi hawaulizi, kumbe ndilo swali linalogusa pia LUKU: kwa matumizi ya nyumba ya kawaida, geti linakula uniti nyingi zaidi likiwa limesimama kuliko likitembea. Kifaa kinachokula wati 5 kikiwa kimetulia kinamaliza uniti tatu na nusu kwa mwezi, na kwa nyumba inayojitahidi isivuke uniti 75 za mwezi hizo si za kudharau.

Adui wa betri hizi ni joto. Inakadiriwa kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 zinapunguza maisha ya betri za aina hii, za madini ya risasi, kwa nusu. Kisanduku cha mota kilichowekwa upande wa magharibi mwa ukuta, kikichomwa na jua la mchana wa Oktoba, kinakuwa oveni ndogo, na betri iliyotarajiwa kudumu miaka mitatu au minne inaweza isimalize miwili. Kabla fundi hajamwaga zege la kukalia mota, simama pale saa tisa alasiri uone kivuli kinaangukia wapi. Kama hakuna kivuli, kipande cha bati chenye nafasi ya hewa kati yake na kisanduku kinatosha. Chagua pia mota ambayo betri zake ni za saizi ya kawaida, zile zinazouzwa kwa ajili ya kengele za ulinzi na taa za dharura, ili zikifa uzipate mjini bila kuagiza.

Kwa nyumba ambayo geti liko mbali, mita 40 au zaidi kutoka kwenye swichi kubwa, fikiria paneli ndogo ya sola juu ya nguzo badala ya kuchimba mtaro wa waya. Jua tunalo karibu mwaka mzima, ingawa Desemba na Januari mawingu hukaa siku kadhaa mfululizo, hivyo paneli ichaguliwe kubwa kuliko ile ambayo hesabu ya kiangazi inadai. Faida yake ya pili inaniingiza kwenye mada ya radi.

Radi, vumbi na wadudu

Waya mrefu unaotoka nyumbani hadi getini, ambao sola inauondoa, ni mtego wa radi. Si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga jirani na nyaya za mtaa, wimbi la umeme linapita kwenye waya na kuishia kwenye bodi ya mota, ambayo ni ya vijisehemu vidogo visivyostahimili. Hitaji la kwanza ni kinga ya wimbi la umeme, inayofungwa karibu na mota yenyewe, si kwenye ukuta wa sebule. La pili ni ethi rodi inayopigwa hapo hapo getini. Udongo wetu wa kichanga ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo rodi fupi iliyopigwa nusu mita ni pambo tu. Iingie mita 1.2 au zaidi, mahali ambapo maji ya kuoga au ya kumwagilia bustani yanafika. Hitaji la tatu ni swichi ya kukata laini ya geti peke yake, iwekwe ndani ya nyumba, ili mawingu yakijikusanya uizime na kuiachia mota ya volti 24 itumie betri. Hakuna kinga inayoizuia radi inayopiga moja kwa moja, lakini nyingi ya zile zinazounguza bodi si za namna hiyo.

Katika kuchagua, angalia kama bodi ya mota inauzwa peke yake. Hili nalipa uzito kuliko jina la kampuni. Mota ambayo bodi yake haipatikani nchini, hata ikiwa bora kiasi gani, itageuka chuma chakavu siku ya radi ya kwanza. Mpigie simu muuzaji kabla ya kununua, usimwambie kwamba unataka mota. Mwambie bodi yako imeungua na unahitaji nyingine, kisha usikilize anachojibu.

Ndani ya kisanduku hupenda kuishi sisimizi na mjusi kafiri, kwa sababu ya joto la transfoma. Sisimizi wakijenga kati ya miguu ya vifaa vya bodi, huleta unyevu na shoti. Mjusi akikaa vibaya hufa akiwa amegusa sehemu mbili zisizopaswa kuguswa pamoja. Chagua kisanduku chenye mpira mzima wa kuzibia, na baada ya nyaya kuingia ziba matundu yote kwa silikoni. Kwenye maelezo ya mtambo, ulinzi dhidi ya vumbi na maji huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili. Kwa vumbi la kwetu nisingeshuka chini ya IP54. Zege la kukalia mota linyanyuliwe sentimita 15 juu ya ardhi ili maji ya mvua kubwa yasifike. Kwa waliojenga kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi, msingi wa reli na wa mota uwe wa pamoja na wenye nondo, vinginevyo kimoja kitapanda na kingine kitabaki, na meno ya gia ya mota yataachana na yale ya geti.

Reli yenyewe ifagiliwe. Wenye mwembe karibu na geti, ambao hapa Tabora si wachache, wanajua msimu wa maembe unavyofanya: embe bovu likipondwa na gurudumu hukauka na kuwa kama gundi, na kokwa lake linaweza kulitoa geti njiani. Usipake grisi kwenye reli, kwa kuwa vumbi litaifanya msasa. Grisi ni ya beringi za magurudumu tu.

Usalama na ufungaji

Geti la kilo 200 linaloondoka kwenye reli na kuanguka linaua. Fundi aweke vizuizi imara vya chuma pande zote mbili za safari ya geti, vilivyochomelewa na kufungwa kwenye zege, hata kama mota ina swichi zake za kusimamisha geti mwishoni. Swichi hiyo ikikosea, kizuizi ndicho kinachobaki. Viongozi vya juu vinavyolishika geti lisilale viwe viwili, si kimoja.

Macho ya usalama, yaani vile vifaa viwili vinavyotazamana na kulirudisha geti pale kitu kinapokatiza kati yake, kwa baadhi ya wauzaji ni nyongeza inayolipiwa. Ilipie. Yafungwe sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, kimo ambacho kinamnasa mtoto mdogo aliyesimama pamoja na mbuzi, na yasielekezwe kwenye jua la machweo, ambalo huyapofusha. Mota nzuri pia husimama yenyewe inapokutana na kipingamizi. Ijaribu kwa boksi tupu la karatasi, usiijaribu kwa mguu wako.

Rimoti iwe ya namna ambayo namba yake ya siri hubadilika kila unapobonyeza, maana zile za namba isiyobadilika hunakiliwa na kifaa cha bei ndogo. Mfanyakazi akiondoka na rimoti, uweze kuifuta hiyo moja kwenye kumbukumbu ya mtambo bila kufuta za wengine. Kwa wale wanaotaka kufungua kwa simu, vipo vifaa vyenye laini ya simu vinavyopigiwa. Vinafaa kwa mwenye nyumba anayesafiri, ila laini hiyo nayo inataka kuhudumiwa isije ikafungiwa.

Wakati wa kufunga, simama na fundi kwenye jambo moja tu ambalo wengi hulikosea: nafasi kati ya gia ya mota na ule mkanda wa chuma au nailoni wenye meno unaofungwa ubavuni mwa geti. Iwe milimita 2 kwa urefu wote. Ikikosekana, geti linailalia gia kwa uzito wake, na gia inakwisha ndani ya mwaka. Pima mwanzo, katikati na mwisho, kwa sababu geti lililopinda kidogo hudanganya mahali pamoja. Mkanda wa nailoni una kelele kidogo na unatosha geti chini ya kilo 400. Wa chuma ni wa mageti mazito.

Siku ya kukabidhiwa kazi, usimlipe fundi salio kabla ya kuzima swichi kubwa ya nyumba na kumuomba afungue na kufunga geti mara 10 mfululizo kwa betri peke yake, zikiwa zimechajiwa usiku mmoja. Kisha kila mtu wa nyumba hiyo, akiwemo bibi na binti wa kazi, azungushe ufunguo unaoitenganisha mota na geti, na kulisukuma geti kwa mkono, mara mbili, bila kusaidiwa. Ufunguo mmoja utundikwe ndani karibu na mlango wa jikoni. Wa pili, kama nyumba haina mlango mdogo wa waenda kwa miguu, apewe jirani anayeaminika, kwa kuwa siku betri zitakapokufa utakuwa nje.